Majirani wa Ukutani

Ukitaka jirani asikike kama mtu, usimrekodi akikohoa mara moja. Mrekodi akikohoa mara saba. Kikohozi kimoja kikirudiwa kutwa nzima ni mashine, lakini vikohozi saba vinavyokuja ovyo ovyo bila mpangilio ni mtoto wa watu mwenye mafua. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalowafundisha wanaokuja kujifunza kwangu, na ndilo wanalolisahau kwanza, maana wanapenda kubofya kitufe kimoja wakanywe chai.

La pili, usisafishe sauti kupita kiasi. Fundi mmoja aliniletea kicheko cha mwanamke amekikwangua hadi kinang'aa. Nikamuuliza, pumzi yake iko wapi? Kiti alichokisogeza kiko wapi? Mtu akicheka, kicheko hakiishi pale anapofunga mdomo. Kuna "haya bwana" ya chini chini, kuna bangili zinagonga meza. Nilimrudisha akarekodi upya, na akaninunia wiki nzima. Anune tu.

La tatu, mlango unaofungwa taratibu si mlango uliobamizwa ukapunguzwa sauti. Rekodi wa taratibu, rekodi wa hasira, rekodi wa mtu aliyebeba ndoo. Kila mmoja uwe na kitufe chake.

Naitwa Arafa, fundi wa sampla hapa Makao ya Juu, Njombe. Sampla ni programu tu. Unaipa vipande vya sauti, unaipangia lini ivipige na kwa nguvu gani. Zamani watu waliitumia kwa muziki. Mimi naitumia kwa ukuta.

Bahari ilipopanda ikatumeza, sisi watu wa Kilwa na Lindi tulipandishwa huku kwenye baridi, tukapewa majengo yenye kuta nene mkono mzima. Baridi haikuingia. Sauti nayo haikuingia. Mwaka wa kwanza watu wakaanza kuugua ugonjwa ambao madaktari hawakuupatia dawa: mtu anakaa kitandani, hali, haongei, anasikiliza tu. Anasikiliza nini? Hakuna kitu. Watu waliozaliwa mitaa ambayo jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kuinuka, leo wamezikwa hai kwenye ukimya. Na nusu ya nyumba zilikuwa tupu, zikiwasubiri wenzetu ambao hawakuja. Ndipo Mamlaka ikaweka spika ndani ya kuta, ikaniajiri mimi nizijaze majirani. Watu wakaamka, wakala. Wachache kule ofisini ndio waliojua. Nilijivuna sana, sifichi.

Asubuhi moja ya Jumatano, Injinia Mgaya, mkuu wetu wa mitambo, mwenyeji wa hapa hapa Njombe, aliingia studio huku anajikuna kidevu.

"Dada Arafa, kuna mama Jengo la Tatu anawalalamikia majirani zake."

"Majirani wepi? Pale pembeni kwake hakuna mtu."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

*

Bi Somoe alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mnene, amejifunga kanga juu ya sweta. Nilimkuta anatwanga vitunguu saumu kwenye kinu kidogo. Ta, ta, ta, kisha anaukung'uta mchi ukingoni. Nilikifahamu kinu kile kabla sijauona uso wake, na nikajifanya sikifahamu.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani, usisimame kwenye baridi. Wa wapi wewe?"

"Kilwa Masoko."

"Ala! Basi mtu wa nyumbani kabisa. Kaa. Hebu niambie wewe, mimi nimewakosea nini wale?"

Akaunyoosha mchi kuelekea ukutani. Na ukuta, kama uliosikia, ukakohoa. Kilikuwa kikohozi cha nne, kile chenye makohozi.

"Umemsikia? Kifua hicho tangu Ramadhani. Nikasema, mtoto huyu hapati kitu cha moto. Sikukuu ya Idi nikapika mkate wa kumimina, nikautia kwenye sahani yangu ya maua ya buluu. Sahani ya mama yangu ile, nimetoka nayo majini nimeikumbatia. Nikaenda mwenyewe. Hodi. Kimya. Hodi. Kimya. Hodi ya tatu, kimya, na ndani nawasikia wanacheka! Yule Mama Kicheko, mimi nimembatiza jina hilo, anacheka mpaka bangili zinalia."

"Labda hawakukusikia."

"Nami nikajiambia hivyo hivyo. Nikaiweka sahani kizingitini, nikaifunika na kawa. Nilipopita tena, sahani haipo, kawa halipo. Sawa, wamepokea. Nikangoja. Mwanangu, mwezi wa pili huu. Sahani haijarudi."

Wasiotoka kwetu huenda wasielewe uzito wake. Sahani ya jirani hairudi tupu. Unaiwekea hata chumvi, hata vipande viwili vya muhogo, ndipo unairudisha. Kuirudisha tupu ni ukosefu wa adabu. Kutoirudisha kabisa ni kumwambia mwenzako hana thamani kwako.

Mimi nilishajua sahani ilikokwenda. Kuna roboti la usafi linatambaa kwenye korido zote, watu wanaliita Kobe. Chochote linachokikuta sakafuni linakimeza na kukipeleka stoo. Ningeweza kusema palepale. Lakini ningeanza na Kobe ningemaliza na nini?

"Nimeshajiandikisha," Bi Somoe alisema, na sauti yake ikashuka. "Ijumaa kuna basi la kurudi pwani, kambini kwa wenzetu waliobaki."

"Kambini! Bi Somoe, kila bahari ikijaa bamvua, maji yanaingia kambi ile. Bamvua lililopita liliondoka na mahema, na watu ndani yake."

"Najua. Afadhali maji. Maji hayaninunii."

*

"Mpe karibu," alisema Mgaya.

"Nini?"

"Akibisha hodi, mlango umwitikie. Maikrofoni ya mlangoni ipo. Na sahani tunaitoa stoo, tunaiweka kizingitini kwake na biskuti juu. Kwisha habari."

"Huyo tutakuwa tunamdanganya, Mgaya."

"Dada, kwani mpaka sasa tulikuwa tunamfanyia nini?"

Nilijaribu kusema kwamba kumpa mtu sauti ya mtaa ni jambo moja na kumjibu salamu ni jambo jingine, lakini hata masikioni mwangu hoja ilipwaya. Mgaya hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amebeba majeneza mwaka ule wa ukimya, mengine ya watu aliowazoea. "Ukimwambia huyu mmoja," alisema polepole, "kesho Makao yote yamejua. Kila mtu atausikia ukuta wake kama redio. Wataugua tena. Utawazika wewe?"

Basi nikakaa kwenye mashine. Siwezi kusema nililazimishwa. Kazi ilikuwa ngumu, na kazi ngumu huniwasha mikono.

Ningeweza kuichukua sauti yangu nikaipandisha ifanane na ya Mama Kicheko, lakini sauti ya mtu ukiivuta juu sana inakuwa ya kifaranga. Nikamtafuta mpishi wa kantini mwenye koo la kufanana naye, nikamwambia ni tangazo. Akanipa "karibu" nne: moja ya furaha, moja ya uchovu, moja ya kutoka jikoni, moja yenye chakula mdomoni. Nikazipiga kwa spika ndani ya ile nyumba tupu, nikazirekodi upya zikiwa zimeshika mwangwi wa vyumba vyake, ili zisisikike kama zimetoka kabatini. Nikaipangia sampla isijibu papo hapo. Anayejibu hodi papo hapo alikuwa amesimama nyuma ya mlango anachungulia. Sahani niliiacha ingoje; nilitaka kwanza nione hizo "karibu" zinafanya kazi.

Nilipomaliza nilizisikiliza, nami nusura niinuke kwenda kufungua.

*

Alhamisi asubuhi nilisimama karibu na lifti, ngazi mkononi, najifanya natengeneza taa. Bi Somoe alitoka kwake. Nadhani alikuwa anakwenda kuaga, maana hakubeba kitu. Alisimama mbele ya mlango wa jirani, akatengeneza kanga yake begani.

"Hodi!"

Kimya kidogo. Kisha, kutoka jikoni: "Karibuu!"

Laiti ungeuona uso wake. Ulifunguka wote. Akaipangusa mikono kwenye kanga, akacheka peke yake, akangoja.

Mlango haukufunguka.

"Hodi, jamani. Mimi jirani yenu, Somoe."

"Karibu." Ile ya uchovu.

Akakishika kitasa. Kimefungwa. Akakiachia upesi, kama aliyeshika kitu cha mwenyewe bila ruhusa. Akangoja tena.

"Hodi," alisema mara ya tatu, taratibu.

"Karibu!" Ile ya furaha. Na kwa kuwa nilikuwa nimeipanga sampla ichanganye mambo ovyo ovyo ili isichoshe masikio, nyuma yake kikafuata kicheko cha Mama Kicheko, pamoja na pumzi, pamoja na bangili, pamoja na "haya bwana".

Bi Somoe alibaki amesimama. Nimemkaribisha mtu mara tatu nikamwacha mlangoni, tena nimemcheka. Nilikuwa nimerekodi "karibu" nne na sikufikiria hata kidogo kwamba baada ya "karibu" mlango lazima ufunguke. Mimi, mtoto wa Kilwa! Mama yangu angekuwa hai angenichapa makofi.

Alirudi kwake bila kuniangalia. Nikausikia mlango wake ukifungwa, ule wa taratibu. Nikaiacha ngazi pale pale, nikamfuata.

"Hodi."

Hakujibu. Nikabisha tena. Mara ya tatu alifungua, macho mekundu, na nyuma yake niliona sanduku liko wazi kitandani.

"Bi Somoe, wale hawapo."

"Wapo. Wamenicheka sasa hivi."

"Njoo uwaone."

*

Kadi yangu ya ufundi ilifungua ule mlango. Ndani kulikuwa na vumbi la saruji, madirisha bado yamebandikwa nailoni za kiwandani, na spika ndogo ndogo ukutani. Hakuna kiti. Hakuna bangili. Bi Somoe aliingia kwa mguu wa kulia kama mtu anayeingia nyumba ya wenyewe, akasimama katikati.

Mtoto akakohoa kwenye kona.

Alikwenda kwenye kona ile, akainama, akaigusa spika kwa vidole viwili.

"Mtoto yuko wapi?"

"Hakuna mtoto, Bi Somoe. Ni sauti. Tulimrekodi mtoto wa mtu mwingine, zamani. Ameshakua."

"Amepona?"

"Alikuwa haumwi. Tulimwambia akohoe."

Akaipangusa spika vumbi kwa pindo la kanga. "Kila nikisali nilikuwa namwombea," alisema. "Kila sala. Namtaja mbele ya Mungu, mtoto wa jirani." Halafu akanigeukia, na sikuwahi kutazamwa vile. "Nyinyi ni watu wa namna gani?"

Nikamweleza. Nikamweleza ule mwaka wa ukimya, na yeye aliukumbuka, alikuwa miongoni mwa waliolala wakisikiliza. Nikamwambia sauti hizi ndizo zilizomwinua. Hakubisha. Alisikiliza hadi mwisho huku ameishika kanga yake kwa mikono miwili.

"Na mimi?" aliuliza. "Mimi hamjanirekodi?"

Ningesema hapana, nani angejua? Lakini nilikuwa nimechoka na ustadi wangu. Nikamwambia kwamba sauti za zamani zilipoanza kuchosha, nilifungua maikrofoni zilizomo ndani ya kuta nikaanza kuchukua sauti mbichi za watu wenyewe. Kwamba kinu chake ni kipande bora kuliko vyote nilivyo navyo, kwa sababu hatwangi mara mbili kwa namna moja. Kwamba kila siku saa anayotwanga, kinu hicho kinatwanga pia ndani ya nyumba tupu ya Jengo la Tano, pembeni mwa fundi cherehani mmoja anayekaa peke yake, Bwana Mchopa.

"Kwa hiyo kuna mtu ananisikia."

"Yupo."

"Na yeye anadhani niko pale."

"Ndiyo."

"Toka machoni pangu," alisema Bi Somoe.

*

Nilitoka. Nilikwenda studio nikauzima ukuta wake. Wake tu, Makao yote sikuthubutu. Kisha nikashuka stoo, nikapekua kapu la Kobe hadi nikaipata sahani ya maua ya buluu, nzima, pamoja na kawa lake. Nikaiosha. Nikakumbuka biskuti za Mgaya, nikaona haya.

Nikaipeleka Jengo la Tano.

Bwana Mchopa alikuwa mwembamba, futi ya kupimia shingoni, miwani kwenye paji la uso. Alinikaribisha vizuri, akasogeza vitambaa nikae. Nilianza kueleza, nikaharibu, nikaanza upya. Alipoelewa aliivua futi shingoni akaikunja, akaikunjua, akaikunja.

"Mama wa kinu hayupo?"

"Yupo, Bwana Mchopa. Hayuko hapo pembeni, ndiyo."

"Mwaka mzima mimi nikimsikia anaanza, naweka maji ya chai. Akikung'uta mchi mara ya mwisho, nanywa. Nimebisha hodi pale mara ngapi! Nikasema, mwanamke huyu ana kiburi. Nikasema labda hapendi mafundi." Akacheka kidogo, kicheko kibovu. "Siku moja hakutwanga. Sikula siku hiyo, nikidhani amekufa."

"Alikuwa na homa. Nilisahau kuweka vipande vya zamani."

"Wewe dada," alisema, "una mambo." Hakusema kwa ukali, na afadhali angesema kwa ukali.

Nikamwambia juu ya sahani, na basi la kesho, na kambi. Nikaiacha mezani kwake, juu ya suruali ya mtu. Hakuahidi lolote. Alisema tu nimwache afikirie.

*

Ijumaa nilifika kwa Bi Somoe mapema, nimbebee mizigo. Ndicho kitu pekee nilichobakiza cha kumfanyia.

"Umekuja kurekodi ninavyofunga sanduku?" aliniuliza mlangoni. Lakini alinipisha.

Nyumba ilikuwa kimya, kimya kile cha mwaka wa kwanza, kinachokaa masikioni mithili ya pamba. Kinu alikuwa amekifunga ndani ya taulo. Simu yangu ilitetemeka mfukoni. Alikuwa Mgaya, bila shaka ameona ukuta mmoja umezimwa. Nikaiacha itetemeke. Nilitaka kumwomba Bi Somoe abaki. Nilijua pia kwamba mimi ndiye mtu wa mwisho duniani mwenye haki ya kumwomba.

"Hodi," ilisema sauti mlangoni.

Bi Somoe hakuinua kichwa. Alikuwa anakunja kanga.

"Zima mashine yako," alisema.

"Si mashine, Bi Somoe."

"Hodi," sauti ilirudia, ya mwanamume, imekauka kidogo.

"Nimekwambia zima! Hata siku ya kuondoka hamnionei huruma?"

"Ukuta wako nimeuzima tangu jana. Wallahi tena. Sina sauti hiyo, sijawahi kuirekodi."

Alinitazama. Akaniangalia midomo, akaniangalia mikono, kana kwamba kuna mahali ninabofya vitufe. Nilitaka kukimbilia mlango niufungue mwenyewe, lakini si mlango wangu, na aliyebisha hakunibishia mimi. Tulisimama hivyo. Sote wawili tunajua mtu wa kwetu hubisha mara tatu. Ya tatu isipojibiwa, anaondoka, na hapaswi kulaumiwa.

"Hodi," ilisema sauti, chini zaidi. Kisha tukasikia viatu vinageuka sakafuni, na kitu cha udongo kikigonga kifungo cha koti.

Kanga ikamponyoka Bi Somoe.

"Karibu!" alipiga kelele, na alikwisha fika mlangoni kabla neno halijaisha. Akaufungua wazi.

Bwana Mchopa alikuwa ameshapiga hatua ya kuondoka. Aligeuka, sahani ya maua ya buluu mikononi, imefunikwa na kawa. Amevaa koti la heshima, lakini futi ameisahau shingoni.

"Shikamoo, mama. Samahani, mimi si yule uliyempelekea mkate," alisema. "Mkate wako sijauonja. Ila mwaka mzima nimekula kwa kinu chako, sijawahi kurudisha kitu."

Bi Somoe alilifunua kawa. Ndani mlikuwa na kashata, zimekatwa vibaya, nyingine kubwa nyingine ndogo, kazi ya mwanamume asiyezoea sukari ya moto. Alizitazama muda mrefu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, mikono yote imeshika sahani.

Basi likapiga honi chini. Likapiga tena.

"Hizi zimeungua," alisema.

"Zimeungua kidogo, ndiyo."

"Ingia basi, baridi inaingia. Na wewe Arafa, nifungulie hilo taulo, unipe kinu changu."